Goti Likikunjwa, Damu Ipite

Mume wangu amegoma kukaa nami benchi la mbele kanisani. Anasema tangu nistaafu nimekosa adabu: watu wanapiga magoti kusali, mimi nawatazama nani ametanguliza goti lipi na nani anainuka kwa kujivuta na benchi. Sikatai. Zaidi ya nusu ya umri wangu nimejipatia ugali nyuma ya goti la binadamu, na macho hayastaafu siku moja na mwili.

Vijana wa wodi ya upasuaji waliponiaga walinipa kitenge, keki na ombi. Kitenge nimeshona, keki waliila wenyewe, limebaki ombi: niwaandikie yale ya mishipa ya miguu ambayo hawayakuti vitabuni. Haya, nimekaa. Nani alipandishwa cheo lini na nani alilipwa nini, waulizeni watu wa utumishi, wao ndio wanaopenda habari hizo. Mimi nitawasimulia habari za goti.

Nilifika Dodoma nikiwa daktari kijana, wakati mji huu ulikuwa makao makuu kwenye hotuba kuliko barabarani. Kwetu ni Mlali, Kongwa tu hapo, kwa hiyo vumbi na upepo havikunishangaza. Kilichonishangaza ni Dokta Eliakimu, daktari wa upasuaji niliyekabidhiwa kwake. Alikuwa mrefu, mpole wa kusema, na mfuko wake wa koti jeupe ulijaa karanga wakati wote. Siku ya kwanza nilitegemea anipe kisu. Alinipeleka kitandani kwa mgonjwa, akafunua shuka upande wa miguuni, akasema, "Tafuta mapigo."

Nikabonyeza juu ya unyayo. Nikabonyeza nyuma ya kifundo. Nikamwambia nimeyapata, yanadunda vizuri.

"Hayo ni ya kidole chako, binti," alisema, huku akitafuna karanga. "Ukibonyeza sana unajisikiliza mwenyewe. Kidole chako kina kelele, kinyamazishe kwanza."

Wiki nzima nilishika miguu ya watu. Nilishika ya wagonjwa, ya wafagizi, ya walinzi wa getini, hata ya padre mmoja aliyekuja kutembelea wagonjwa akajikuta amevuliwa viatu. Mpaka leo ninawashauri vijana hivyo hivyo. Mashine ikiharibika, na itaharibika siku ya Jumapili, mtabaki na kidole.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana najua hili andiko litasomwa pia na wake na waume zenu. Mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni hushuka pajani, ukapita nyuma ya goti, ukagawanyika kwenda chini. Ukiziba, mguu unakufa ganzi, unauma, unapoa, na vidole huanza kubadilika rangi. Sisi tunaunda njia nyingine ya kuzunguka pale palipoziba. Kwa Kiswahili cha barabara hiyo ni njia ya mchepuko. Mnajua jinsi neno hilo linavyopokelewa mitaani. Sijawahi kumwambia mzee yeyote wa Dodoma kwamba nitamwekea mchepuko bila mkewe kuuliza kama hospitali imeshindwa kupata kitu kingine.

Mchepuko mzuri kuliko yote haununuliwi. Ni vena ya mgonjwa mwenyewe, ile ndefu inayopita chini ya ngozi upande wa ndani wa mguu. Unaitoa taratibu, unaipima, kisha unaigeuza kichwa chini. Mkisahau kugeuza mmekwisha, kwa sababu vena ina vilango vidogo ndani yake vinavyofunguka upande mmoja tu, na damu itafika hapo na kufungiwa mlango usoni. Unaishona juu na chini kwa uzi mwembamba kama unywele ambao ukidondoka sakafuni hauokotwi, unaandikiwa marehemu. Kisha unafungua vibanio vilivyozuia damu na kumwomba Mungu.

Hayo yote yamo vitabuni. Ambacho vitabu vilipita haraka haraka ni kwamba mguu una goti. Pale mezani mguu umenyooka, mtulivu, unapendeza. Lakini mtu hakuja duniani kulala chali. Goti likikunjwa, njia ile inafupika, na vena iliyokuwa imenyooka inajikunja ili ipate pa kukaa. Kama ni ndefu mno, inavunjika kona. Kama ni fupi mno, siku mguu ukinyooshwa inavutwa mpaka mshono unalia. Kama umeipitisha mahali pabaya, misuli inaibana katikati. Mwenye shamba la zabibu anaelewa bila kuelezwa: mpira wa kumwagilia ukikunjika kule mwanzo wa tuta, unaweza kusimama mwisho wa tuta ukamtukana fundi wa pampu bure.

Somo hilo nililipata kwa Mzee Athumani, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Chemba. Alikuwa amewekewa mchepuko kwingine, mbali na kwetu, na kila alikokwenda kliniki aliambiwa mguu wake uko salama. Kwa kweli ukimlaza na kumpima, mapigo yalikuwa kama ya kijana. Akaja kwetu na kofia yake mkononi.

"Shikamoo, mzee," Dokta Eliakimu alimwambia.

"Marahaba, Daktari. Mguu wangu huu ni mzima sokoni, mzima njiani, mzima kitandani. Ila nikikaa tahiyatu unaniacha. Unakufa kabisa. Nikitoa salamu, namtolea malaika wa kulia na wa kushoto, halafu naanza kumtafuta mwenye mguu."

Mimi nilicheka. Dokta Eliakimu hakucheka. Alitoa shuka kabatini, akalitandika sakafuni pale pale kliniki.

"Hebu kaa unavyokaa."

"Daktari, samahani. Kibla ni huku."

Tukalizungusha shuka. Mzee Athumani akashuka, akakalia miguu yake kama anavyokaa kila siku ya maisha yake. Dokta Eliakimu, mtu mzima na kimo kile, akalala kifudifudi kwenye saruji, akanyoosha mkono na kushika mguu wa mzee kwa nyuma. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaniita nami nilale. Nikalala. Nikakinyamazisha kidole changu. Hapakuwa na kitu. Mzee akanyanyuka kidogo, mapigo yakaja. Akakaa, yakapotea. Ndivyo nilivyojifunza upasuaji wa mishipa, nikiwa nimelala sakafuni.

Mchepuko wake ulikuwa umepitishwa juu juu, chini ya ngozi, ukakatisha upande wa ndani wa goti. Akikunja mpaka mwisho, unavunjika kona. Tulimfungua tena, tukaupitisha ndani, kwenye njia ile ile ambayo Mungu aliupitishia mshipa wa kwanza, katikati ya vichwa viwili vya msuli wa nyuma ya mguu. Alipopona alirudi na asali, akatuswalia rakaa mbili pale pale kliniki huku sisi tumelala nyuma yake na foleni ya wagonjwa imesimama mlangoni ikishuhudia. Mapigo hayakukatika hata mara moja.

Kuanzia siku hiyo Dokta Eliakimu aliweka sheria ambayo haikuandikwa popote: mgonjwa wa mchepuko aje na kile anachokalia. Mkamuaji aje na kigoda chake, mwenye kuswali aje na mkeka, fundi cherehani atuonyeshe anavyokanyaga. Tunampima amelala, halafu tunampima anavyoishi. Chumba chetu cha kliniki kilijaa vigoda kila Jumanne. Mgogo mmoja alikuja na kibuyu cha maziwa na akahuzunika sana kukuta hatuna ng'ombe. Mwingine alikuja na baiskeli, akazunguka nayo mpaka maabara. Mkaguzi kutoka wizarani aliuliza kama hospitali imefungua duka la samani, na Dokta Eliakimu akamjibu kwamba hapana, ni vipimo.

Niwaambie na kosa letu sisi watu wa kanda ya kati, maana mtakutana nalo kila wiki. Kosa letu ni huruma. Mgonjwa akitoka thieta, chumba cha upasuaji, dada yake anakunja kanga na kuipachika chini ya goti ili ndugu yake apumzike. Inaonekana ni upendo. Goti linakaa limekunjwa siku nzima, mchepuko mpya umekunjwa nalo, na baada ya muda goti lenyewe linasahau kunyooka. Wengine wanafanya kinyume: wanafunga mguu kwa vijiti kuanzia paja hadi kifundo, kama tunavyofunga mfupa uliovunjika, ili "mrija usikatike." Hao nao huja na goti gumu kama mpini wa jembe. Nimepora kanga nyingi chini ya magoti ya watu kuliko kibaka yeyote wa sokoni. Goti la mchepuko linataka kukunjwa na kunyooshwa, kidogo kidogo, kila siku, chini ya macho ya mtu anayejua. Kwetu mtu huyo alikuwa Hamisi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Mrangi wa Kondoa, mwenye subira ambayo sijui alizaliwa nayo au aliinunua.

Dokta Eliakimu alistaafu, akarudi kwao kulima. Mimi nikabaki na sheria yake, na Hamisi, na Sista Debora wa thieta ambaye alikuwa akiamini kwamba daktari yeyote asiyesimamiwa ataiba taulo. Ndipo akaja mgonjwa ninayetaka kumsimulia kuliko wote.

Alikuwa Mama Sechelela wa Zuzu, mkubwa wangu kwa umri, mwembamba, shanga shingoni na kichwani. Pale mapokezi walikuwa wamemwambia, kama kawaida, aje na kile anachokalia. Akaingia kwangu na ngoma.

"Mbukwa, Daktari."

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Wamesema nije na ninachokalia. Mimi hii siikalii, naibana." Akaiweka ngoma katikati ya mapaja, akakunja magoti, akasimama hivyo. Alikuwa kiongozi wa wanawake wapiga muheme, na wote mnaotoka Ugogoni mnajua ngoma ile hupigwaje: imebanwa kwa miguu, goti limekunjwa, mwili mzima unaishikilia, na mikono iko huru. "Tatizo langu liko huku nyuma. Nina ngoma nyingine humu ndani ya goti, lakini haijui mdundo."

Nikaweka mkono nyuma ya goti lake la kulia. Uvimbe ulidunda kiganjani. Mshipa mkubwa ulikuwa umetanuka kama puto, jambo ambalo kwa kawaida tunaliona kwa wanaume. Ndani ya puto la namna hiyo damu huganda, na mabonge hukatika na kwenda kuziba chini. Nikamvua kiatu. Vidole viwili tayari vilikuwa vya zambarau.

Nilimweleza bila kuzunguka. Tusipofanya kitu, siku moja bonge kubwa litashuka na mguu utakwenda nao. Tukifanya, tutaufunga mshipa ule mbovu na kumwekea mchepuko wa vena yake mwenyewe, kupita goti.

"Na nitapiga?"

Daktari mwenzangu kijana, aliyekuwa nami chumbani, alimjibu kabla yangu. Alimwambia kwa upole kwamba ingekuwa busara ngoma aiache, kwa sababu hakuna mkao mbaya kwa mchepuko kama ule, goti limekunjwa na misuli yote imebana kwa saa nzima. Alisema kweli. Hata mimi ningemshauri hivyo.

Mama Sechelela aliitazama ngoma yake, akatutazama sisi.

"Mwanangu, mkinitengenezea mguu usiobana ngoma, mmenichongea fimbo. Fimbo ninazo nyumbani. Zuzu nzima inanijua kwa hii. Nikiiacha nitakuwa nani? Bibi wa kufukuza kuku kwenye uwele?" Akavaa kiatu chake. "Kama ni kukaa tu, basi kateni. Asiye na mguu anakaa vizuri zaidi."

Hakuwa anatishia. Alikuwa anapanga kuondoka, na alikuwa na mabonge kwenye goti. Nikamshika mkono. Nilimwambia sitamwahidi kwamba atapiga, ila nitamshonea mguu wa mpiga ngoma, si mguu wa kulalia, na tutajua kama umefaa siku atakapobana. Akakivua tena kiatu.

"Hapo tumeelewana," akasema. "Nilazeni."

Siku moja kabla ya upasuaji, wodi ilipata burudani ya bure. Hamisi alimsimamisha Mama Sechelela na ngoma yake, akapima kwa kipimo chake cha pembe goti linakunjwa kiasi gani, paja linageuka wapi, kisigino kinakaa vipi. Ngoma yenyewe ya mti na ngozi haikuweza kuingia thieta, kwa hiyo Sista Debora alipima unene wake kwa utepe wa fundi, akaviringisha mataulo ya kijani na kuyafunga. Akampa mgonjwa ajaribu.

"Hii imekonda," alisema Mama Sechelela.

Sista Debora akaongeza mataulo, uso umemkunjamana kama anatoa ya nyumbani kwake.

"Bado. Ngoma si mwanamwali."

Akaongeza tena. Mama Sechelela akabana, akatikisa kichwa, akapiga yale mataulo kwa viganja mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kushangilia. Sista Debora akaichukua ngoma ya mataulo kwenda kuichemsha kwa mvuke pamoja na vyombo, na akatuonya kwamba kila taulo analijua.

Kesho yake tulimpa dawa ya ganzi ya mgongoni. Maana yake kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu, lakini juu alikuwa macho, nyuma ya pazia, na mdomo wake haukupigwa ganzi. Alitusimulia harusi zote alizopiga. Sisi tulifanya kazi. Vena ilikuwa nzuri, nene kiasi, haina kovu. Tukaufunga mshipa uliotanuka juu na chini, tukaipitisha vena, tukashona. Nikafungua vibanio. Sista akaweka dopla juu ya unyayo, kile kifaa kidogo kinachotoa sauti ya damu, na thieta ikajaa shwaa, shwaa, shwaa. Zamani hapo ndipo watu waliposhona ngozi na kwenda kunywa chai.

"Leteni ngoma," nikasema.

Hamisi alikuwa amenawa na kuvaa kama sisi, kazi yake ikiwa moja tu: kuushika mguu. Ulikuwa umefunikwa kwa namna ya kuachwa huru, kwa hiyo aliukunja kwa pembe aliyoipima, mguu wa pili nao vivyo hivyo, na mataulo yakawekwa katikati. Akabana. Shwaa, shwaa, sh. Kimya.

Akalegeza, sauti ikarudi. Akabana, ikakatika.

"Mbona mmenyamaza?" iliuliza sauti nyuma ya pazia.

"Tunafikiri, mama."

"Basi fikirini kwa sauti, nisije nikadhani mmekwenda kula."

Nikainama na miwani yangu ya kukuzia. Nilikuwa nimeipitisha njia sahihi kabisa ya kitabu, katikati ya vile vichwa viwili vya msuli. Lakini huyu alikuwa amebana ngoma tangu utoto. Msuli wake wa upande wa ndani ulikuwa mnene, na ukingo wake ulikuwa na ukano mgumu ambao mguu ukikunjwa na kugeuzwa vile, unashuka juu ya vena kama bawaba. Nikakata ule ukano, si msuli, ukingo wake tu. Nikafungua mshono wa chini, nikaisogeza vena ndani zaidi, karibu na mfupa, nikapunguza kipande kidogo, nikashona upya. Nilishona mguu umenyooshwa, halafu nikaukagua umekunjwa, halafu umenyooshwa tena. 

Hamisi akabana. Shwaa, shwaa, shwaa. Akabana zaidi. Shwaa, shwaa. Sista Debora akasema Bwana asifiwe kwa sauti, na Mama Sechelela huko nyuma ya pazia akapiga kigelegele bila kujua anashangilia nini. Nimeingia thieta maisha yangu yote na sijawahi kusikia kigelegele kutoka mezani isipokuwa siku ile.

Ila nilikwenda nyumbani na jambo moja moyoni, na asubuhi nilimwambia yeye mwenyewe, kwa sababu mguu ni wake. Pale mezani misuli ilikuwa imelala. Tuliibana sisi kwa mikono. Siku atakapobana yeye, misuli ikiwa macho, yenye nguvu zake zote, hatukujua itafanya nini. Inaweza kuibana vena hata kama mimi nimefanya yote. Na ikiibana kila siku, saa nzima, damu itaganda ndani ya mchepuko, na hapo tunarudi kwenye vidole vya zambarau.

"Na ikibana utasema niache."

"Nitasema uache, mama."

"Nami nitaacha," alisema. "Nimekupa mguu, nikupe na neno." Akageukia ukutani. 

Vidonda vilipona vizuri. Vidole vilirudi rangi yake. Hamisi alimkunja goti kidogo kidogo, kisha zaidi, na ngoma ikakaa juu ya kabati lake mahali anapoiona bila kuigusa. Jamaa zake waliambiwa kuhusu kanga, na walitii kwa sababu Mama Sechelela mwenyewe aliwatupia moja usoni.

Siku ya kujaribu tulitoka nje, kwenye uwanja wa nyuma ya chumba cha mazoezi. Nilikuwa nimepanga mambo ya kimya kimya: yeye, Hamisi, mimi na dopla. Nilisahau kwamba Zuzu si mbali. Wanawake wa kikundi chake walikuwa wamefika tangu asubuhi na ngoma zao, wamekaa chini kwenye kivuli cha ukuta, wamevaa kama wanakwenda harusini. Wagonjwa wakatoka wodini na dripu zao. Sista Debora akatoka pia, akasema anakuja kuangalia kama kuna taulo.

Hamisi alilala kifudifudi vumbini, akabandika kichwa cha dopla juu ya unyayo wa Mama Sechelela. Shwaa, shwaa. Mama alikuwa amesimama wima, ngoma mkononi. 

"Kunja kwanza bila ngoma," nikamwambia.

Akakunja. Sauti ikabaki.

"Iweke ngoma, usibane."

Akaiweka. Sauti ikabaki.

"Bana, mama. Kama unavyobana kweli."

Akabana. Niliona misuli ya mapaja ikisimama chini ya kitenge. Sauti ikapungua. Ikawa nyembamba, kama maji yanayopita chini ya mlango. Nilikuwa nimeshanyanyua mkono kumwambia aache. Alikuwa ananitazama usoni, na alijua mkono ule unakuja kusema nini, na aliendelea kunitazama bila kulegeza. Kisha akafanya kitu ambacho hatukuwa tumekipima, kwa sababu hakuna ajuaye kwamba anakifanya mpaka awe anataka kupiga: akaketi ndani ya mkao wake. Uzito ukashuka visiginoni, nyonga zikarudi nyuma kidogo, magoti yakafunguka kwa chini. Shwaa. Shwaa. Shwaa. Sauti ikajaa uwanja.

"Ipo, Dokta!" Hamisi alipiga kelele kutoka chini. "Ipo yote!"

Nilisubiri. Nilimwacha abane muda mrefu kuliko anavyoweza kusubiri mtu mwenye ngoma, na sauti haikupungua. Mama Sechelela aliinamisha kichwa, akasikiliza damu yake mwenyewe ikipita nyuma ya goti.

"Inachelewa," akasema. Na akaiambia, "Nifuate, we."

Akapiga. Wanawake wakanyanyuka pale ukutani wakamjibu, na ngoma zikaimeza sauti ya dopla, sikusikia tena kitu. Nilibaki kumwangalia Hamisi aliyekuwa ameweka sikio kwenye spika, vumbi limemjaa kichwani, ananionyesha kwa mkono: ipo, ipo, ipo, na mkono wenyewe ukaanza kwenda mbio, kwa sababu damu ilikuwa imemfuata. Nililia mbele ya wagonjwa wangu wote. Mimi ni Mgogo wa Mlali niliyepelekwa shule ya bweni mapema, ngoma sikujifunza, na sijui ni mwanamke gani aliyenisukumia ya kwake mapajani wala dopla niliikabidhi kwa nani. Nilijikuta nimesimama kwenye mstari, ngoma inaniteleza, sijui niishikilie vipi.

Mama Sechelela alinigeukia bila kuacha kupiga.

"Kunja goti, Daktari!" akanipigia kelele. "Mbona umesimama kama mgonjwa?"

Nikakunja.